Darasa Nililomnyang'anya

Mtu ninayetaka kuandika habari zake hapa alikuwa mwalimu wangu wa hesabu katika darasa la sita na la saba, na miaka michache baadaye mimi ndiye niliyemwondoa katika darasa lake. Nalitanguliza hilo kwa sababu sipendi msomaji anione nikimsifu mzee huyu kurasa nzima, halafu agundue mwishoni kwamba msifiaji ana deni la radhi. Kila jema nitakaloandika juu yake nililijua wakati nilipokubali kukaa mahali pake.

Sitasema alizaliwa wapi wala watu wake ni akina nani. Katika Mji wa Kale wa Mombasa hayo huulizwa kabla mtu hajamaliza kikombe cha kahawa, lakini mimi nilikuwa mtoto wa karani wa mtaa wa Mbaraki, Mkristo, wazazi wangu wametoka bara ya Kaloleni, na sikuwa na haki ya kuuliza nasaba za wenyeji. Nilimjua kuanzia mlango wa darasa kwenda ndani. Alikuwa mwembamba, mrefu kiasi cha kuinama kidogo chini ya vizingiti vyetu vya zamani. Chaki aliizungushia kipande cha karatasi kama mtu anavyoshika andazi la moto, maana hakuweza kuvumilia vumbi vidoleni. Mfukoni alikuwa na iliki, na alipotafuna tulijua swali linalofuata ni gumu.

Kila asubuhi alikuja kwa barabara ya Ndia Kuu, akitembea upande wenye kivuli, na alasiri alirudi kwa upande wa pili, uliokuwa sasa ndio wenye kivuli. Jambo dogo hilo alilifanya somo. Tulipofika kwenye mada ya pembe alituuliza ni kwa nini hajawahi kurudi nyumbani kwa upande aliojia, nasi tukataja majibu ya kitoto: labda kuna mtu hataki kuonana naye, labda kuna mbwa. Alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akatutoa nje wakati wa mapumziko, akatupanga ukutani, akatuambia tumwoneshe jua liko wapi na kivuli kimeangukia wapi. "Hamkujua kuwa nyumba ina pembe na jua," alisema. "Mwapita hapa kila siku na hamkujua."

Kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kugawa nambari katika makundi mawili ambayo sijayaona katika kitabu chochote cha shule. Kulikuwa na nambari ya kusimama na nambari ya kutembea. Nambari ya kusimama inakwambia uko wapi. Nambari ya kutembea inakwambia umekwenda kiasi gani. Kwake yeye, nusu ya makosa ya watoto wa darasa la saba, katika nambari hasi, katika vipimo vya joto, katika grafu, yalitokana na kuchanganya hizo mbili.

Hakuyafundisha hayo ubaoni. Shule yetu ilikuwa katika jengo la zamani la mawe, lenye ngazi za kupanda ghorofani na ngazi nyingine za kushuka stoo, ambako viti vilivyovunjika viliwekwa. Alituambia kwamba pale katikati, mbele ya mlango wa ofisi, ni sifuri. Vidato vya ngazi vya juu ni chanya, vya chini ni hasi. Akamsimamisha Athman, mtoto mnene aliyependa mzaha, kwenye kidato cha tatu kwenda juu.

"Athman, umesimama wapi?"

"Kwenye tatu, Mwalimu."

"Umefikaje hapo?"

"Kwa miguu yangu, Mwalimu."

Tulicheka. Yeye hakucheka, lakini pembe ya mdomo ilitikisika. "Haya. Kabla ya kusimama hapo ulishuka vidato viwili. Sasa nataka kuiondoa ile safari yako ya kushuka, iwe kama haikuwako. Ungalikuwa wapi?"

Athman alitazama juu, akatazama miguu yake. "Tano," alisema, na papo hapo uso wake ukabadilika, kwa kuwa alikuwa ameona kitu ambacho hakuna aliyemwambia. Tatu, ukiondoa hasi mbili, ni tano. Mpaka leo nikiona wanafunzi wakikariri kwamba alama mbili za kutoa huzaa ya kujumlisha, namkumbuka Athman ngazini, akiwa ameshika ukuta kama mtu aliyepanda mnazi.

Makosa yetu aliyashughulikia kwa namna yake. Alipochukua madaftari nyumbani alichagua jibu moja lisilo sahihi, lenye kosa zuri, akaliandika ubaoni asubuhi bila jina la mwenyewe. Kisha alituuliza mwenye jibu hilo alikuwa akifikiri nini. Hatukuruhusiwa kusema "amekosea." Ilitupasa kueleza ni njia gani yenye akili ingemfikisha mtu pale. Siku moja nililiona jibu langu, sehemu mbili, nusu na nusu, nilizozijumlisha kwa kujumlisha nambari za juu na za juu, na za chini na za chini, na kwa dakika ishirini nilisikia wenzangu wakinitetea bila kujua ni mimi. Mmoja alisema, "Mwalimu, huyu alidhani nusu na nusu ni mbili kati ya nne." Mwingine akasema, "Lakini basi nusu na nusu itakuwa nusu, na mkate hauishi kamwe." Darasa likacheka, nami nikacheka nao, na tangu siku ile sikuzijumlisha tena sehemu vile.

Fimbo hakuitumia, jambo lililowashangaza walimu wenzake, maana miaka ile fimbo ilikuwa sehemu ya samani za darasa. Lakini sitaki kumfanya malaika. Ulimi wake uliweza kuuma. Aliyeandika jibu sahihi bila kuonesha njia aliambiwa, "Umeliokota wapi hili? Lirudishe kwa mwenyewe." Watoto waliokuwa wepesi wa kichwa waliumia zaidi, kwa sababu kwao jibu lilikuja lenyewe na njia hawakuiona. Kulikuwa na msichana aliyelia wiki nzima kwa ajili hiyo, na sidhani Mwalimu aliwahi kujua.

Kwa watu wazima subira yake iliisha. Jioni alicheza dumna, yaani domino, barazani karibu na nyumba yake Kibokoni, na babangu, aliyepita huko siku moja kumpelekea barua ya shule, alirudi akicheka mpaka machozi. Mzee aliyejua hesabu kuliko wote barazani ndiye aliyefungwa kila mara, kwa sababu hakuweza kujizuia kueleza. Alishika kete hewani akasema, "Sasa, kwa kuwa kete nne za tano zimeshatoka, na huyu bwana hana tano, ni wazi kwamba..." Na huyo bwana asiye na tano alimshukuru kwa taarifa akamfunga. Alipoambiwa acha kusema, alikasirika akaondoka. Kesho yake alirudi, akaeleza tena.

Upungufu wake mkubwa ulikuwa mwingine, na nauandika kwa sababu ndio ulioniletea kisingizio. Hakumaliza silabasi. Hakuna mwaka aliomaliza. Alikaa kwenye nambari hasi wiki tatu badala ya moja, kwenye uwiano mwezi. Tuliotoka mikononi mwake tulijua mada chache kama tunavyojua nyumba zetu, na nyingine hatukuzisikia hata jina. Mchoro wa vipimo sikufundishwa naye; niliusoma peke yangu. Aliyetaka kumlaumu alikuwa na la kusema.

Na mada iliyomla muda kuliko zote ilikuwa saa. Inafaa nieleze, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilitoka hapo.

Mtoto wa Mombasa huishi kwa saa ya aina moja na kutahiniwa kwa saa ya aina nyingine. Nyumbani, jua likishachomoza ndipo hesabu ya mchana inapoanza, na mshale mfupi ukiwa kwenye nane kila mtu mwenye akili timamu husema ni saa mbili. Karatasi ya mtihani wa hesabu, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza, huianza hesabu usiku wa manane, na mshale ule ule ukiwa pale pale hutaka uandike nane. Mtoto aliyeiona saa ya mamake ukutani tangu utotoni huitazama picha ya saa katika swali na kichwani mwake husikika mbili. Kabla hajajua, ameiandika.

Walimu wengine waliona hili ni jambo la kusahihishwa kwa sentensi moja. Yeye alilifundisha wiki mbili. Alileta saa ya ukutani aliyoing'oa mashine, akatufanya tuizungushe mishale wenyewe kwa vidole. Tuliandika siku zetu katika safu mbili: saa ya nyumbani, saa ya karatasi. Kuamka, madrasa au kanisa, chai, shule. Hakuwahi kusema ipi ni sahihi. Mtoto mmoja alipomwuliza, alijibu, "Sahihi ni kujua unasema na nani." Kisha, siku ya nane au ya tisa, alituuliza tutazame safu zote mbili tuone ni kitu gani hakikubadilika. Tulitafuta sana. Mwishowe tukaona: kutoka nyumbani mpaka shule ni robo saa katika safu hii na robo saa katika ile. Saa ya kufika ilibadilika, muda wa mwendo ulibaki.

"Basi," alisema, akifungua iliki, "kusimama hubadilika kwa aliyehesabu. Kutembea hakubadiliki. Hata akihesabu bibi yako, hata akihesabu Mwingereza."

Nilipokuwa chuo cha ualimu, nikijifunza kupanga somo la dakika thelathini na tano kwa malengo matatu yanayopimika, nilimsimulia mwenzangu habari za zile wiki mbili. Alipiga kofi akasema, "Wiki mbili! Kwa saa! Huyo alikuwa anawachezea." Nami nilicheka. Ninakumbuka wazi kwamba nilicheka.

Nilirudi katika shule ile ile nikiwa na cheti, sketi mpya mbili, na imani kwamba watoto wa kwetu walikuwa wakinyimwa nafasi za sekondari kwa sababu ya uzembe wa watu wazima. Imani hiyo sijaiacha. Kilichobadilika ni orodha ya watu wazima ninaowahesabu humo, maana sasa nami nimo.

Muhula wa pili mwalimu mkuu aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, wazazi walimjia kila wiki, na matokeo ya darasa la nane, ambalo sasa mzee ndiye aliyelifundisha hesabu, hayakumpendeza aliyekuwa juu yake.

"Mwalimu," aliniambia, "mzee wetu namheshimu. Lakini hamalizi. Watoto wanaingia kwenye mtihani na robo ya kitabu hawajaifungua. Wewe umetoka chuoni juzi. Ukipewa darasa la nane, utamaliza?"

"Nitamaliza, bwana."

Nilijibu kabla hajaweka kalamu chini. Sikuuliza kama mzee ameambiwa. Sikuomba hata siku moja ya kufikiri. Nilitoka ofisini nikiwa na furaha, na niliiita furaha hiyo wajibu.

Mzee alilijua jambo lile kwa kusoma ratiba mpya iliyobandikwa ukutani katika chumba cha walimu. Nilikuwepo, nimekaa pembeni, nikijifanya nasahihisha. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama kawaida yake. Alifika kwenye darasa la nane akasimama. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akasoma tena. Yeye alipewa darasa la nne. Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho, akanijia.

"Hongera, mwalimu," aliniambia.

Hakuwahi kuniita mwalimu kabla ya siku ile. Alikuwa akiniita mwanangu.

Nilianza kazi kwa bidii ambayo hata leo siionei haya. Nilikuja mapema, nikabaki jioni, nikarudia mada zote alizoziruka. Watoto walijifunza mchoro wa vipimo, eneo la duara, riba, wakajua kutumia kanuni kwa haraka, na mwalimu mkuu alipita dirishani akitabasamu. Saa niliifundisha katika kipindi kimoja. Niliandika ubaoni kanuni kwa herufi kubwa: ukiona saa, ongeza sita. Nikafanya mifano minne. Wote walipata.

Karibu na mwisho wa kipindi Rukia aliinua mkono. Alikuwa msichana wa Kibokoni, mtulivu, ambaye mamake alikuwa mshona kofia maarufu. Alikuwa na desturi ya kuinua mkono nusu, kiwiko kikiwa bado mezani, kama mtu asiyetaka kuonekana ameuliza.

"Mwalimu, na muda wa safari, nao twauongeza sita?"

Nilitazama saa yangu. Zilibaki dakika tatu, na nilikuwa na lengo la tatu sijalifikia.

"Rukia, fuata kanuni kama ilivyo," nikamwambia. "Tuendelee."

Alishusha mkono. Niliona macho yake yakibaki ubaoni kidogo zaidi ya wenzake. Niliona, na nikaendelea.

Mtihani ulikuja. Siku ya karatasi ya hesabu nilisubiri nje ya lango mpaka walipotoka, wakakusanyika barazani pa shule, wakisemezana majibu kwa kelele zile za watoto walioachiliwa. Nilikaribia kusikiliza. Walikuwa wakizungumzia swali lenye picha ya saa. Ilikuwa asubuhi, mshale mfupi kwenye nane, basi likaondoka, safari ikachukua muda wa saa tatu, likafika lini?

"Saa kumi na moja jioni," alisema mmoja. "Yaani karatasi yataka tano."

"Hata mimi tano."

"Tano, na ilikuweko kwenye machaguo."

Kwa dakika moja sikuelewa. Kisha nilihesabu kama walivyohesabu wao. Waliona nane, kichwani ikawa mbili, wakaongeza sita wakarudi kwenye nane, vyema kabisa. Halafu wakauona muda wa safari, saa tatu, na mwalimu wao alikuwa amesema ukiona saa, ongeza sita. Wakaufanya tisa, na nane ukiongeza tisa ni tano ya jioni. Basi lililopaswa kufika kabla ya adhuhuri likawa njiani mpaka jioni, na hakuna hata mmoja aliyeshangaa, kwa kuwa kanuni haikuwaachia nafasi ya kushangaa. Mtungaji wa maswali, ambaye huenda aliwajua watoto wetu kuliko mimi, alikuwa ameliweka jibu hilo pale likiwangoja.

Rukia alikuwa amesimama pembeni, kifuko cha kalamu mkononi.

"Wewe uliandika ngapi?" nikamwuliza.

"Niliandika kumi na moja ya asubuhi, kwa saa ya karatasi, Mwalimu. Halafu nikafuta." Alinitazama kwa upole ulionichoma zaidi kuliko lawama. "Nikakumbuka ulivyosema."

Sitasema kwamba swali moja au mawili yalimnyima Rukia shule aliyoichagua. Siwezi kuthibitisha, na mwalimu wangu asingekubali hitimisho lisilo na njia. Aliikosa, akapata nyingine ya kutwa, anaendelea vyema. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba mtoto mmoja aliona ukweli peke yake katika chumba cha mtihani, akaufuta kwa raba kwa ajili yangu.

Mzee alistaafu ualimu mwaka uliofuata, kutoka darasa la nne. Hakukuwa na sherehe kubwa. Soda, maneno ya mwalimu mkuu, saa ya ukutani kama zawadi. Nilikaa nyuma. Baada ya hapo, kwa muda wa miaka miwili, sikupita Kibokoni. Nikiwa na shughuli Mji wa Kale nilizunguka kwa barabara ya nje. Nilijiambia ni kwa sababu ya jua.

Kilichonirudisha hakikuwa ushujaa. Nilikuwa nikifundisha nambari hasi, na mwanafunzi akaniuliza kwa nini alama mbili za kutoa zinakuwa ya kujumlisha. Nikawatoa nje nikawapeleka ngazini. Somo lilikwenda vizuri sana. Mwalimu mgeni aliyepita alisema, "Mbinu nzuri. Umeitoa chuoni?" Nami nikasikia kinywa changu kikitaka kusema ndiyo. Alasiri ile ile nilikwenda kwake Kibokoni.

Mkewe ndiye aliyeitikia hodi. Alinijua mara moja, akanishika mkono, akaniuliza habari za wazee wangu mmoja mmoja, za Mbaraki na za Kaloleni, kama desturi inavyotaka, na sikuweza kuliharakisha hilo. Kisha akasema, "Ingia tu, mwanangu. Wamo ndani, somo limeanza."

Sikuelewa mpaka nilipofika mlangoni. Katika chumba cha kati, juu ya mikeka, walikaa wanawake saba au wanane wa mtaa ule, mabuibui yamekunjwa pembeni, kila mmoja na daftari la mtoto wa shule mapajani. Ubao mdogo uliegemezwa kwenye kabati. Mzee alisimama kando yake, amekonda zaidi, chaki ndani ya karatasi. Baadaye mkewe alinieleza: mama hawa walichoka kuaibika watoto wao wanapoleta kazi za nyumbani, wakamwendea yeye, yeye akamwendea mumewe.

"Ndoo, ingia ndani," mzee alisema bila mshangao. "Hapo mlangoni wawazibia mwangaza."

Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza naye faragha. Nilisimama pale, macho yote yamenigeukia, nikasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Kwa lipi?"

"Naweza kungoja mpaka mmalize."

"Sema. Hapa hapana mtoto."

Nikasema. Nilisema jinsi nilivyolikubali darasa lake bila kumwuliza, jinsi nilivyojificha nyuma ya madaftari alipoisoma ratiba. Nikasema habari za kanuni ya sita, za Rukia na mkono wake, za basi lililosafiri mpaka jioni. Hapo mama mmoja alijipiga paja akasema, "Masikini!" Sikujua ananihurumia mimi au basi. Nilipomaliza, mwingine akasema, "Basi msamehe, Mwalimu, turudi kwenye sehemu zetu. Mie n'na chungu jikoni."

Wakacheka. Mzee hakucheka.

"Lile darasa nalilipenda," alisema, akinitazama. "Nalikasirika nawe. Si kidogo. Kuniondoa ilikuwa haki yao, kweli simalizi. Hata hawa watakwambia simalizi. Lakini weye nalikufundisha mwenyewe, na hukuja kwangu hata kuniuliza mada gani ina mwiba. Ningalikwambia. Ingalikuwa dakika mbili."

"Najua, Mwalimu."

"Sasa wajua." Aliigeuza chaki katika karatasi yake. "Radhi ntakupa. Leo siwezi, leo n'na somo, na jambo la radhi halitaki haraka. Utakuja tena?"

"Nitakuja."

"Na darasa hili sikupi."

Alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa, na ilinichukua muda kutambua kwamba wanawake wote walikuwa wakiuma midomo. Hata mkewe mlangoni alikuwa amejifunika kinywa kwa leso.

"Sikuja kulitaka, Mwalimu."

"Basi kaa. Mkeka una nafasi."

Nilivua viatu, nikakaa mwisho wa mkeka, kando ya mama wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni. Mzee aliligeukia ubao akaandika swali, akilisoma kwa sauti: mna robo tatu ya yadi ya kitambaa cha bafta, kila kofia yala thumuni ya yadi, fungu moja katika manane, mtapata kofia ngapi?

Madaftari yalifunguliwa. Yule mama wa miwani aliandika sehemu mbili, moja juu ya nyingine, akazitazama, akazizungushia duara. Kisha aliniinamia. Alinukia asumini na mafuta ya taa.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "weye si mwalimu? Hapa nafanyaje?"

Neno "geuza" lilikuwa tayari ulimini mwangu. Ni kanuni fupi: pindua sehemu ya pili, uzidishe. Huwachukua wanafunzi wangu sekunde chache. Nilivuta pumzi nilitoe.

"Mwache," alisema mzee, mgongo wake bado umetuelekea. "Yuwafika."

Nikafunga kinywa. Yule mama alinung'unika, akaivuta leso yake, akaikunja katikati, akaikunja tena, akahesabu mikunjo kwa kidole gumba. Akafuta. Akaikunja mara ya tatu, ikawa mafungu manane, akaanza kuhesabu upya kutoka ukingoni, midomo ikimcheza bila sauti. Niliweka mikono mapajani nikangoja.